Sanduku Lililorudi Kutoka Kasindi

Liège, 14 Septemba 2000

Kwa mama mkubwa Anne-Marie Kahongya, Vungi, Butembo

Mama mkubwa,

Wavukire. Ulinifundisha kwamba mtu akiandika barua aulize kwanza watu wamelalaje, basi nauliza. Mmelalaje hapo nyumbani? Magoti yako yanakuruhusu kupanda ule mlima wa shule? Na mwanao Maliro, mdogo wangu, bado anabeba abiria kwa ile pikipiki inayokohoa? Mwambie suruali aliyoniomba nimeiona dukani, ila sikumbuki kiuno chake. Niliondoka akiwa na kiuno cha nyigu.

Mimi ni mzima. Chumba changu ni kidogo lakini ni kikavu, na chakula si kibaya, ingawa kumkuta mtu anayejua sombe, majani yetu ya muhogo, ni kazi. Watu hapa hawasalimiani kwenye ngazi. Nimewasalimu hivyo hivyo hadi sasa wawili wanajibu.

Sasa neno lenyewe. Bourse, fedha za masomo walizonipa, ni ya mwaka mmoja tu. Mwezi wa tano mwakani kamati itakaa na kuchagua nani aongezewe miaka mitatu ya doctorat. Anayeongezewa anaruhusiwa kuleta mke na mtoto. Hulda na Kanyere wako Beni kwa baba mkwe, na Beni ya sasa unaijua kuliko mimi. Kamati haitaki maneno, inataka kuona kazi, na kazi yangu yote imo katika lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda chako.

Najua usivyolipenda. Ni yule mtu niliyemfukua katika uwanda wa Semuliki kabla vita havijarudi, aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, na jiwe la kusagia karibu na kichwa. Hapa wana mashine ya kusoma umri wa mfupa, na profesa anadhani alizikwa maelfu ya miaka iliyopita. Bila mifupa ile sina cha kusoma, bila masomo hakuna bourse, na bila bourse mke wangu na mtoto watabaki pale walipo. Sanduku lazima lifike hapa kabla mwezi wa nne haujaisha.

Naomba Maliro alisindikize hadi Kasindi mpakani katika lori la dereva Moustapha. Tulilifunga pamoja, anajua lisivyotaka kurushwarushwa. Moustapha ana mtu wake Kampala atakayelipandisha ndege. Karatasi za ruhusa ziko ndani ya mfuniko.

Nisalimie wote, na Phinées seremala kwa pekee.

Mtoto wako,
Kambere Gérard


Butembo, 19 Oktoba 2000

Mwanangu Kambere,

Amani ya Bwana iingie katika chumba chako na kukaa, maana nasikia moto wa huko unatoka ukutani na haujui kuongea na mtu. Sisi ni wazima. Maharagi yamekubali mwaka huu, lakini watu wa Lubero wanaogopa kuyaleta sokoni kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Shuleni watoto ni wengi kuliko madawati. Père, padri wetu, aliniuliza unasoma nini, nikamwambia mifupa. Akacheka, akasema hata yeye anashughulika na wafu, ila wa kwake wana majina.

Sanduku lako limeondoka Jumanne. Tangu ulipoliacha nimelala juu ya mtu yule, na siku zote niliona si haki, mtu mzima, mzazi wa wengine, kufungiwa katika pamba kama mayai. Kwetu mtu akifa anapewa udongo. Kabla Maliro hajalibeba nililinyunyizia maji ya baraka. Maliro akaniambia, "Mama, huyu ni wa mbele ya Yesu, hapana mukristu." Nikamjibu kwamba maji hayaulizi.

Alivaa lile koti lako la kahawia. Alisema mutu akienda ku mpaka lazima afanane na mutu ya bureau. Alikaa mbele pamoja na Moustapha, sanduku kati ya miguu yake, akanipungia mkono kama waziri. Akirudi nitamkalisha mezani akuandikie mwenyewe, maana uvivu wake wa kuandika umezidi.

Kula vizuri. Ukiumwa usinifiche.

Mama yako mkubwa akupendaye,
Kahongya


Liège, 3 Desemba 2000

Mama mkubwa,

Nakusalimu pamoja na nyumba yote. Huku baridi imefika kabisa, kila mtu amejifunga hadi puani na huwezi kujua nani anakucheka. Barua yako ilinifikia, nikamsomea jirani yangu Mkameruni ile habari ya père, akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo ni kimya. Mtu wa Moustapha pale Kampala anasema hajaona sanduku wala Maliro. Nilimpigia simu mara nyingi mpaka akaacha kuitika. Maliro nimemwandikia, hajibu. Wewe pia hujibu. Profesa ananiuliza kila Jumatatu, tena kwa upole, na upole huo unanitisha kuliko kama angegomba.

Niseme ninachokifikiri? Maliro ni kijana mzuri lakini tunamjua. Pengine alifika Kasindi, akaona magari yanavuka, naye akavuka, sanduku akaliacha kwa wabadili fedha, na sasa anatembea Kampala na koti langu. Kama ni hivyo sina hasira naye. Aseme tu liko kwa nani.

Hulda ameandika. Anasema jioni wanafunga mlango mapema, na Kanyere amejifunza kuingia chini ya meza na kunyamaza bila kuambiwa. Ana miaka minne, mama mkubwa. Niliposoma hapo niliweka barua chini nikatoka nje bila kuvaa koti.

Nijibu upesi, hata maneno machache.

Kambere


Butembo, 9 Januari 2001

Kambere,

Amani kwako. Noeli imepita, hatukupika sana. Mvua ilibomoa ukuta wa jikoni, Phinées akauziba kwa mbao za karakana yake. Shule itafunguliwa wanajeshi wakitoka madarasani.

Barua zako zote nimezipata. Sanduku la bati lilirudi hapa mwezi uliopita, limepinda, na kufuli imevunjwa. Barabara ya Kasindi ilikuwa mbaya. Vilivyokuwa ndani viko mahali pazuri, mvua haivifikii.

Maliro hayupo nyumbani. Kampala pia hayuko. Usimwandikie kwa sasa.

Naomba usiniulize tena juu ya sanduku. Watu wenye vitabu vingi hivyo hawawezi kukosa kitu kingine cha kukusomesha. Nampa barua hii sista anayepanda ndege pale Beni.

Kahongya


Liège, 6 Februari 2001

Mama mkubwa,

Umezoea kujaza karatasi mpaka pembeni, hata salamu za mbuzi unaziandika. Safari hii umeniachia nusu nzima nyeupe, na hukuandika kwamba u mama yangu. Nimekukosea nini?

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Sanduku limerudi, vitu vipo, mvua haivifikii. Basi kwa nini visitumwe tena? Unasema watu wa hapa hawatakosa kitu kingine cha kunisomesha. Hawanijui, mama. Kwao mimi ni mtu wa mifupa ya Semuliki. Ikikosekana, mwezi wa sita nitarudisha ufunguo wa chumba, na karatasi zangu za kukaa zitakwisha siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwa fondation nyingine mbili zinazotoa bourse. Moja inasaidia watafiti wa nchi zenye amani tu, kwa sababu ya bima. Nyingine ilinipa kahawa.

Baba mkwe amenitumia neno kwamba usiku wanalala shambani na kurudi nyumbani asubuhi. Mtoto anakohoa. Nikilala kitandani naona aibu na godoro.

Kama Maliro amejificha mahali kwa sababu anaogopa ile barabara, mwambie nimejua kwamba ni mwoga, na kwamba nimemsamehe. Nilimwomba jambo moja tu tangu tuzaliwe. Ampe sanduku mwanaume mwingine.

Wewe ulinilea mama alipokufa. Sikuwahi kukuomba kitu nikiwa nimepiga magoti. Leo nimepiga.

Kambere


Butembo, 4 Machi 2001

Mwanangu Kambere,

Leo sikuulizi umelalaje, kwa sababu najua, nawe ukiniuliza nitakudanganya.

Barua yako niliisomea kanisani, benchi la nyuma, ili Phinées asinione. Umeandika kwamba Maliro ni mwoga. Neno lile ndilo linanifungua kinywa. Bila hilo ningenyamaza mpaka nife, maana nilitaka wewe usome na usijue.

Lori la Moustapha lilisimamishwa baada ya daraja la Semuliki. Watu wenye silaha walitoka kwenye majani, ni wa nani kila mmoja ana jibu lake. Nakupa maneno ya Moustapha kama alivyoniambia, amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu na kofia yake mkononi: "Mama Kahongya, balisema batu bote bashuke. Bote tulishuka. Mi nikamuambia Maliro, wacha kile kintu, tukimbie. Akasema, hapana, ni ya yaya Kambere, mukubwa wangu. Alikikamata na mikono mbili. Donc bale batu banaona mutu anakamata sanduku vile, banawaza iko zaabu. Banamupeleka mu pori na sanduku yake."

Hiyo ndiyo habari ya mwoga wako.

Moustapha alirudi pale na watu wa kijiji mara nyingi. Wakalikuta sanduku limepigwa na kufunguliwa, mifupa imemwagwa majanini. Pengine wale wenye silaha walipoona si dhahabu walikasirika, sijui. Moustapha na wenzake hawakumwona Maliro. Walipata kiatu kimoja ambacho sikukitambua vizuri, nikasema si chake.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, wazee wa ukoo walikaa hapa. Unajua kawaida yetu, asiyepatikana tunamzikia mgomba, unafungwa nguo kama mtu, watu wanalia, kilio kinafungwa. Nikawaambia sitaki. Mimi ni mkristu na ni mwalimu, nimewaona watu wakizika migomba na sikuwahi kusema neno, lakini siku hiyo nilikataa. Sikumzaa mgomba. Wakanijibu kwa heshima, wakaniachia siku za kufikiri.

Siku waliyorudi, ndipo na Moustapha alipofika. Alikuwa amekusanya mifupa ya mtu wako mmoja mmoja, akaifunga katika shuka lake jeupe, kwa kuwa sanduku halikufunga tena na yeye hawezi kumtupa mtu njiani. Alishuka kwenye lori na lile shuka mikononi. Wanawake waliokuwa uani walimwona, wakapiga yowe. "Banamupata! Banamuleta Maliro!" Mzee Kamate akavua kofia, akasema Mungu ametuhurumia. Moustapha akafungua mdomo aseme. Mimi nikamshika mkono, kwa nguvu, mpaka akaufunga.

Phinées ndiye aliyetengeneza jeneza na kuipanga mifupa ndani. Aliiona rangi yake, si mtoto, anajua mfupa wa zamani. Akanitazama, kisha akapiga misumari. Kartie yote, mtaa mzima, ilikuja. Père alisoma jina la Maliro mara nyingi. Niliweka rozari yangu ndani, nikalia kama ninavyopaswa kulia, na nilipolala usiku ule ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

Basi sasa unajua mahali pazuri ni wapi. Walinirudishia sanduku wakabaki na mwana wangu, nami nimetumia nilichorudishiwa. Kila Jumapili baada ya misa naenda pale na kuongea naye. Nimepanda maua. Najua unanihitaji, najua Kanyere anakohoa, na bado nakuambia, huyu simtoi.

Jambo moja nijibu. Mtu yule, alikuwa mwanamume au mwanamke? Nataka kujua ninaongea na nani.

Mama yako,
Kahongya


Liège, 27 Machi 2001

Mama yangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimekaa nayo kutwa. Jirani yangu aligonga akauliza kama nimefiwa, nikasema ndiyo, akaniuliza lini, nikaanza kuhesabu miezi. Mdogo wangu alikufa mwezi wa kumi, mimi mwezi wa kumi na mbili nikamtukana, mwezi wa pili nikamsamehe. Nilimsamehe, mama. Sijui mtu anaandikaje baada ya hapo.

Usifungue kaburi. Nakuomba hilo kwa magoti yale yale. Nimekwenda kwa profesa nikamwambia mifupa imezikwa na familia na haitatoka. Aliuliza kama haiwezekani kuchukua hata jino moja. Nikasema hapana. Akaandika kitu, akasema kamati itasikitika.

Nitarudi. Sijui kwa njia gani, lakini mwezi wa sita ukifika nitapanda kitu chochote mpaka Kasindi. Kama ni kulala shambani tutalala wote watatu. Nimemwandikia Hulda avumilie.

Umeniuliza ni nani. Ni mwanamke. Nyonga ilinionyesha tangu siku ya kwanza. Hakuwa msichana, alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, na alikuwa amezaa. Mkono wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto kwa sababu ya kusaga. Nilimpigia picha nyingi na kumpima kila mfupa, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa kumlilia.

Tafadhali endelea kuongea naye. Usifungue.

Kambere wako


Butembo, 30 Machi 2001

Mwanangu,

Jibu lako sijaliona. Labda liko njiani, labda liko mfukoni mwa askari fulani. Mwezi wa nne unaingia, siwezi kungoja.

Hulda amefika hapa Jumapili, kwa miguu, na Kanyere mgongoni. Nyumba ya baba mkwe wako imechomwa. Mzee alitangulia kuwafungulia njia ya nyuma, naye hawakumwona tena. Sitakueleza zaidi, Hulda atakueleza mwenyewe siku atakayoweza. Miguu yake nimeiosha kwa maji ya chumvi. Hata hapa Butembo hatujui kesho, juzi walipiga risasi sokoni mchana kweupe.

Mtoto haongei. Anaingia chini ya meza yangu na kukaa. Nilimpelekea bugali huko, nikaingia na mimi, mtu mzima na magoti haya. Tukala chini ya meza. Alipomaliza akanishika sikio kama Maliro alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Hapo niliona nimewaweka watu wawili kwenye mizani, mmoja aliye udongoni na mmoja anayekohoa, na nimemchagua asiyenihitaji.

Jana, watu walipokuwa misani, tulikwenda na Phinées. Tukasema tunanyoosha msalaba. Alichimba bila kuniangalia. Nilitoa mifupa kwa mikono yangu, sikuacha hata mmoja, hata ile midogo ya vidole. Nilimwomba radhi kwa kila mmoja. Nilipomaliza Phinées alitaka kufukia, nikamwambia angoje kidogo, nikatazama shimo. Mpaka saa ile nilikuwa najidanganya vizuri. Shimo lilikuwa tupu, Kambere, na Maliro hayumo, na hakuwahi kuwamo.

Moustapha ameondoka leo. Sikumwomba, alikuja mwenyewe. Amesema, "Safari hii, mama, nitakikalia." Phinées alilinyoosha sanduku kwa nyundo na kuweka kufuli mpya. Ufunguo umo katika bahasha hii, ambayo nimempa msafiri mwingine.

Chukua. Maliro angekupa.

Kahongya


Liège, 10 Juni 2001

Mama yangu,

Barua yako na sanduku vilifika katika wiki moja, na barua yangu ya kukukataza ulikuwa bado hujaipata. Nilikaa sakafuni na ufunguo mkononi mpaka giza likaingia, nikitamani Moustapha angelipoteza tena. Halafu nikawaza Kanyere chini ya meza, nikalibeba kwenda kwa profesa.

Kamati imekubali. Miaka mitatu. Karatasi za Hulda na mtoto ziko tayari ubalozini Kampala, wazichukue kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Watu walinipa mkono kwenye koridoo, mmoja akaleta keki. Nilikula, sijui ilikuwa na ladha gani.

Rozari yako ilikuwa katikati ya mbavu. Msaidizi wa maabara aliishika kwa kibano, akauliza kama aiandikie namba pamoja na vitu vingine vya kaburini. Nikaichukua, nikasema ni ya mama yangu. Aliniangalia sana. Iko shingoni mwangu, mimi ambaye huwa unaniita mpagani.

Yule mama sasa yuko katika droo, ana namba, na taa juu yake. Nimeomba kwa maandishi kwamba kazi ikiisha nimrudishe. Profesa amesema tutaona. Mimi nimeshaanza kujua kuona kwao kukoje. Nakuahidi nitaendelea kuwasumbua, lakini sikuahidi kwamba nitashinda, sitaki tudanganyane tena hata kwa wema.

Nilikuja huku kutafuta watu wa zamani. Wa kwangu mwenyewe nimempoteza kwa ajili yao, na nitaandika kitabu juu yake yeye mwingine, na watu watasema ni kazi nzuri. Nisaidie, mama. Sijui niweke wapi hili.

Unaniandikia lini? Hata kwa kunigombeza.

Kambere


Butembo, 2 Septemba 2001

Mwanangu Kambere,

Umelalaje? Nauliza tena kwa sababu sasa nataka kweli jibu. Hulda na mtoto wamefika kwako, najua, mkeo alituma neno kupitia kwa sista. Ameniambia Kanyere aliongea ndani ya ndege, akaomba bugali. Mpikieni, na kama hakuna unga tafuteni. Walipovuka daraja la Semuliki Moustapha alipunguza mwendo, Hulda akaelewa, akafanya ishara ya msalaba. Basi, walipita.

Barua yako ya kunikataza ilinifikia mwezi wa tano. Nimeiweka. Kwa hiyo alikuwa mwanamke, tena mzazi. Nilimzika, nikamwita Maliro, na yeye hakukataa. Kila Jumapili nilimsomea mwanangu habari za nyumbani, kumbe mwenzangu ndiye aliyekuwa akinisikiliza. Mwambie huko kwenye droo kwamba Kahongya wa Butembo anamshukuru. Mwambie kwa Kinande, hata kama hakukijua. Wasingya.

Unaniuliza uweke wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa sina mahali, ndiyo maana nilichelewa kuandika. Mwishowe niliwaita wazee nikawaambia yote. Mzee Kamate aliuliza kama kilio chote kile kilikuwa cha bure. Nikasema hakikuwa cha bure, kilikuwa cha mtu. Wanawake wengine hawanisalimu tena sokoni. Père amesema atasali, uso wake sikuuelewa.

Kisha tukafanya kama walivyoniambia tangu mwanzo. Phinées alikata mgomba kule nyuma ya jikoni, ukavishwa shati la Maliro na kufungwa shuka la Moustapha, maana Moustapha hakulitaka tena. Watu hawakuwa wengi. Moustapha alisimama nje ya ua wa makaburi na kofia mkononi mpaka mwisho. Tukaufukia katika shimo lile lile. Mara hii sikulia vizuri, nilipiga kelele tu, kama mnyama, mpaka Phinées akanikalisha.

Sasa kuna jambo. Phinées, kwa haraka au kwa huruma, sijui, aliukata mgomba pamoja na kisiki chake. Mvua zimeanza. Jumapili nilikwenda baada ya misa nikakuta umechipua. Jani moja, bado limejikunja, limetokea katikati ya kaburi, upande wa kifua. Mlinzi wa makaburi anasema lazima likatwe, migomba inaharibu mistari. Nimemwomba angoje mpaka nikuandikie. Wewe umesoma habari za makaburi, Kambere. Niambie, nilikate, au nilimwagilie maji?

Mama yako,
Kahongya